Kisima cha pwani na namba 75

Anayeanza kujifunza spektrometa ya tungamo ya plazima, mashine inayopima elementi zilizomo kwenye maji, huvutiwa kwanza na moto wake, na ana haki. Gesi ya agoni hupashwa kwa mawimbi ya redio hadi joto lifike kati ya nyuzi 6,000 na 10,000. Maji yakipulizwa humo kama ukungu hukauka, kilichomo huvunjika kuwa atomu, na atomu nyingi hupoteza elektroni moja zikawa ioni. Ioni hupenya matundu madogo ya koni mbili za nikeli, huingia kwenye ombwe, huchujwa kwa tungamo, kisha huhesabiwa. Ndiyo maana mashine hii huona risasi au kadimiamu hata ikiwa sehemu moja tu katika trilioni.

Mimi lakini napenda somo lianzie kisimani.

Hapa Bagamoyo visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvi. Tuseme familia imeleta chupa ikitaka kujua kama kuna aseniki, elementi yenye sumu. Kiwango cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani ni maikrogramu 10 kwa lita. Aseniki ya asili ina isotopu moja tu, yaani atomu zake zote zina tungamo moja, 75, kwa hiyo hakuna pengine pa kuitafutia. Sasa jumlisha: agoni ya plazima ni 40, klorini iliyo nyingi zaidi katika chumvi ni 35. Zikishikamana, zinatoa 75. Mizani ya dukani haijui mchele wala sukari, inajua kilo. Chujio letu nalo ni hivyo hivyo. Kisima kisicho na aseniki kabisa kinaweza kutoa jibu la kuwatia watu hofu wakakiacha bure. Kwa maji ya mto yasiyo na chumvi, tatizo hili ni dogo.

Dawa inayotumika sana ni heliamu. Inaingizwa kwenye chumba kilicho kabla ya chujio, na ioni zinapita katikati yake. Agoni iliyobeba klorini ni pana kuliko atomu moja ya aseniki, hivyo inagongana na heliamu mara nyingi zaidi na kupoteza nguvu. Mbele yake umewekwa mlima mdogo wa volti, aliyechoka haupandi. Aseniki nayo hupungua, ila inabaki ya kutosha kupimika.

Usiongeze klorini kwa mikono yako. Sampuli itiwe asidi ya nitriki, si ya hidrokloriki. Ikiwa chumvi ni nyingi, zimua: maji ya bahari yana takriban gramu 35 kwa lita, na mashine nyingi hazipendi zaidi ya gramu 2, kwa sababu chumvi hujikusanya kwenye matundu ya koni na namba zinaanza kushuka polepole. Kushuka huko hufuatiliwa kwa elementi isiyotarajiwa kwenye maji, kama rodiamu, inayotiwa kwa kiasi kilekile katika kila sampuli.

Na kabla ya kuiambia familia lolote, chukua maji safi ya maabara, tia chumvi safi ya maabara hadi yalingane na kisima, upime kwa mpangilio uleule. Humo aseniki haimo. Chochote kitakachosomeka kwenye 75, zaidi ya kile kinachosomwa kwa maji matupu yenye asidi, kimetoka kwenye chumvi.