Popo si panya aliyeota mabawa

Tanga, hasa jirani na Mapango ya Amboni, wengi wamekua wakisikia kuwa popo ni panya aliyeota mabawa. Si ajabu: wote wana manyoya, wote hutoka usiku.

Vinasaba vinaeleza mengine. Ndani ya seli mna mitokondria, vijisehemu vinavyoipa seli nishati, zenye DNA yake yenyewe (maandishi ya urithi), fupi, ya herufi 16,000 hadi 17,000 hivi, ambayo mtoto huirithi kwa mama. Watafiti huchukua jeni moja, yaani kipande kimoja cha DNA hiyo, mathalani kile kiitwacho saitokromu b, na kuilinganisha kati ya wanyama: tofauti zikiwa chache, undugu ni wa karibu. Kipimo hiki ni kizuri kwa popo wanaokaribiana. Kwa ukoo wa kale huweza kupotosha, kwa sababu herufi ileile hubadilika mara kadhaa, ndiyo maana huongezwa jeni za kwenye kiini cha seli. Matokeo yake? Popo yuko karibu zaidi na farasi, ng'ombe na mbwa. Panya yuko karibu zaidi nasi binadamu, jambo ambalo wengi hawalipendi.

Unaweza kujionea kwenye picha yoyote iliyo wazi. Panya ana meno ya mbele kama patasi. Popo ana chonge. Bawa nalo ni mkono: hesabu vidole vinne virefu vilivyowambwa ngozi, na gumba lenye ukucha limebaki nje. Popo halisi usimshike kwa mikono mitupu. Baadhi yao hubeba kichaa cha mbwa.