Kwa nini tornado pana kuliko zote ilipewa daraja la tatu tu?

Kwenye michezo ya kompyuta ya kuwinda dhoruba, kama Twisted ya kwenye Roblox au OUTBRK, heshima ya mchezaji iko kwenye namba. Unasoma ramani ya hali ya hewa, unakisia dhoruba itaibukia wapi, unaikimbilia kwa gari, kisha unajaribu kunasa upepo wake kabla haujakunasa wewe. Ukifanikiwa, skrini inakuletea kasi: 410, 455, 490. Unapiga picha ya skrini, unawatambia wenzako, na ubishi wa nani kanasa tornado kali zaidi, yaani upepo unaozunguka kwa kasi kutoka wingu la dhoruba hadi ardhini, unaanza.

Ubishi huo ukihamia kwenye tornado za kweli, haupiti muda kabla mtu hajataja El Reno. Tarehe 31 Mei 2013, karibu na mji huo katika jimbo la Oklahoma, Marekani, ilishuka tornado iliyofikia upana wa kilomita 4.2, pana kuliko nyingine yoyote iliyowahi kupimwa. Rada ya Chuo Kikuu cha Oklahoma iliyofungwa kwenye lori ilisoma upepo wa zaidi ya kilomita 470 kwa saa. Daraja lake rasmi ni EF3, kwenye kipimo kinachoishia EF5.

Aliyezoea mchezo, ambako namba na daraja huenda sambamba, ataona hapa kuna uzembe. Hakuna. Kinachomchanganya ni imani iliyoenea mno, hata nje ya michezo, kwamba daraja la tornado ni kasi ya upepo iliyopimwa na kuwekwa kwenye fungu lake. Jedwali lenyewe linachangia imani hiyo, maana limeandikwa kwa kasi za upepo: EF5 ni zaidi ya kilomita 322 kwa saa, EF4 iko chini yake, na kuendelea. Ukilitazama jedwali peke yake huwezi kujua kwamba, kwa karibu kila tornado iliyomo kwenye rekodi, hakuna kifaa chochote kilichogusa upepo wake. Kasi ile imekisiwa baada ya tukio, na watu waliokuwa wakikagua vifusi.

Kipimo hiki kilianzia kwa Tetsuya Fujita wa Chuo Kikuu cha Chicago, mwaka 1971. Fujita alitaka kuunganisha vipimo viwili: kile cha Beaufort cha nguvu za upepo, kilichotumiwa na mabaharia, na mwendo wa sauti. F1 yake inaanzia pale Beaufort inapoishia, kwenye 12, na ngazi yake ya mwisho, F12, ni kasi ya sauti yenyewe. Hakutarajia tornado yoyote ivuke F5, hivyo ngazi zilizobaki juu zimekaa bure hadi leo. Tangu tarehe 1 Februari 2007 Marekani inatumia toleo lililoboreshwa, ndilo EF, lakini msingi ni uleule: unatazama uharibifu, unarudi nyuma hadi kwenye upepo.

Njia hiyo ina mipaka yake, na hapo ndipo kitendawili cha El Reno kinapofumbuka. Chukua mfano wa mwizi. Asubuhi unakuta mlango umevunjwa na mwenyewe kashaondoka. Ukiulizwa alikuwa na nguvu kiasi gani, huna mwizi wa kumpima, una mlango tu. Kama ulikuwa wa mbao nyepesi zenye bawaba zilizooza, unachoweza kuapa ni kwamba nguvu zake zilitosha kuuvunja mlango ule. Huenda ni kijana mwembamba, huenda ni baunsa, mlango mbovu hautofautishi. Ukiwa ni wa chuma na umepinda katikati, sasa unaweza kusema mengi zaidi. Lakini hata mlango wa chuma ukishang'oka hauwezi kung'oka mara ya pili, na mwizi mwenye nguvu maradufu angekuachia ushahidi uleule. Na kama alikatiza uwanja mtupu usio na mlango wala ukuta, angekuwa na nguvu za tembo usingejua.

Ushahidi wa uharibifu, kwa maneno mengine, unatoa kiwango cha chini. Unasema upepo haukuwa chini ya kiwango fulani, na mara chache sana unaweza kusema uliishia wapi juu.

Kipimo cha EF kimejaribu kuipima milango yenyewe. Kina viashiria 28, kuanzia nyumba za familia hadi shule, nguzo za umeme na miti, na kila kiashiria kina hatua zake za uharibifu. Nyumba ya kawaida ya familia ina hatua kumi, na ya kumi ni pale inapobaki sakafu ya zege tu, kuta na vyote vimefagiwa. Kasi inayotarajiwa kwa hatua hiyo ni kama kilomita 322 kwa saa. Lakini kasi hiyo ina nafasi ya kushuka hadi 265 au kupanda hadi 355, kutegemea ubora wa ujenzi. Mkaguzi akikuta kuta hazikufungwa kwa boliti kwenye msingi, anashusha. Nyumba mbili zilizofagiwa kabisa zinaweza hivyo kutofautiana madaraja mawili, na kilichozitofautisha ni fundi aliyezijenga.

Kwa El Reno, dhoruba ilipita sehemu kubwa kwenye mashamba. Mwanzoni Idara ya Hali ya Hewa ya Taifa ya Marekani iliipa EF3, ikaipandisha hadi EF5 kwa kutumia namba za rada, kisha Agosti mwaka huohuo ikarudisha EF3, kwa kuwa hakukuwa na jengo lililoharibiwa kiasi cha kuthibitisha zaidi. Hoja ya kushusha ina mashiko kuliko inavyoonekana. Tornado nyingi hazifuatwi na rada ya lori. Ukiziruhusu zile chache zilizobahatika kufuatwa zipandishwe kwa rada, na nyingine zibaki kwa vifusi, unapata orodha moja iliyopimwa kwa rula mbili. Matokeo yake ni ya kuchekesha, nakubali. Lakini ni kichekesho kinachofuata kanuni.

Imani nyingine inayokwenda sambamba na hiyo ni kwamba pana ndiyo kali. Elie inatosha kuijibu. Huo ni mji mdogo wa jimbo la Manitoba, Kanada, ambako tarehe 22 Juni 2007 ilipita tornado yenye upana wa takriban meta 300. Ni kama moja ya kumi na nne ya El Reno. Ilinyanyua nyumba nzima na kuizungusha hewani, na ndiyo tornado pekee ya Kanada yenye daraja la F5.

Mlango wa chuma nao hupatikana mara moja moja. Baada ya tornado ya Moore, Oklahoma, ya tarehe 20 Mei 2013, Marekani ilikaa miaka kumi na miwili bila EF5 hata moja. Ukimya huo ulivunjwa na Enderlin, North Dakota, tarehe 20 Juni 2025, na hata hapo tangazo lilikuja Oktoba. Kilichoamua hakikuwa nyumba. Tornado ilikuta treni ya mizigo, na behewa tupu la tangi likatupwa zaidi ya meta 140. Wahandisi walipiga hesabu ya upepo unaohitajika kufanya hivyo wakapata zaidi ya kilomita 338 kwa saa. Reli ingepita mbali kidogo na njia ya tornado, huenda daraja lingekuwa jingine.

Basi kwa nini wasitege vifaa njiani, kama wafanyavyo wachezaji? Walijaribu. Miaka ya 1980 watafiti wa Marekani walizunguka na pipa zito la vipimo lililoitwa TOTO, wakijaribu kulishusha mbele ya tornado. Halikuwahi kupigwa barabara hata mara moja. Mafanikio makubwa yalikuja tarehe 24 Juni 2003 huko Manchester, South Dakota, pale mhandisi Tim Samaras alipoweka kifaa kifupi chenye umbo la koni kilicholala karibu na ardhi, na tornado ya F4 ikapita juu yake. Mgandamizo wa hewa ulishuka kwa milibari 100 hivi katika muda mfupi mno. Angalia lakini alichopata: mgandamizo, si upepo mkali zaidi wa tornado ile. Samaras, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young walifariki miaka kumi baadaye, kazini, kwenye tornado hiyohiyo ya El Reno.

Hata ukifanikiwa kutega, unapima nukta moja. Ndani ya tornado kubwa mara nyingi huzunguka vimbunga vidogo vinavyotokea na kufa ndani ya sekunde kadhaa, na upepo mkali zaidi huwa humo. Kikipita meta hamsini kando ya kifaa chako, kifaa kitasoma namba ya kawaida tu. Upande nao una maana: tornado inayozunguka kwa kilomita 250 kwa saa huku yenyewe ikisogea kwa 60 itakupiga kwa 310 ubavu mmoja na 190 ubavu wa pili. Ndiyo maana rekodi ya dunia ya upepo uliosomwa na kipima upepo cha kawaida si ya tornado kabisa. Ni kilomita 408 kwa saa, Barrow Island, Australia, tarehe 10 Aprili 1996, wakati wa kimbunga cha baharini Olivia.

Inabaki rada. Rada za kudumu za hali ya hewa haziwezi kusaidia sana kwa jambo hili. Mwale wake una upana wa nyuzi moja hivi, na unazidi kutanuka kadiri unavyokwenda. Kwa umbali wa kilomita 100 umeshafikia upana wa kilomita 1.7, na kwa kuwa mwale huinuliwa kidogo na dunia imejipinda, katikati yake iko kilomita moja na nusu hivi juu ya ardhi. Tornado ya kawaida inajificha yote ndani ya doa moja la picha hiyo. Rada ya lori inasogea karibu, na ndiyo iliyoleta namba maarufu kuliko zote: tarehe 3 Mei 1999, kati ya Bridge Creek na Moore, Oklahoma, timu ya Joshua Wurman ilisoma kilomita 484 kwa saa, kwa kosa linaloweza kufikia 32 juu au chini. Wachezaji huinukuu 484 na kuiacha ile 32.

Rada nayo ina upofu wake. Inaona tu mwendo wa kuisogelea au kuikimbia. Upepo unaokatiza mbele yake unasomeka kama sifuri. Tena inasoma juu ya ardhi, mara nyingi makumi ya meta au zaidi, wakati nyumba ziko chini. Wengi hudhani upepo wa chini huwa dhaifu kwa sababu ya msuguano wa ardhi. Tornado moja iliyopimwa karibu sana na ardhi, huko Russell, Kansas, mwaka 2012, ilionyesha kinyume: upepo wake mkali zaidi ulikuwa chini ya meta 10. Tornado moja haitoshi kuwa kanuni, lakini inatosha kumzuia mtu asiikate namba ya rada kiholela.

Mwaka 2021 Wurman na wenzake walichapisha ulinganisho wa vipimo vya rada za lori na madaraja ya uharibifu. Kwa tornado zilizotoka kwenye dhoruba kubwa zinazozunguka, rada ilitoa wastani wa daraja moja na robo hadi moja na nusu juu ya vifusi, na takriban moja kati ya tano ilikuwa na upepo wa kiwango cha EF4 au EF5. Tahadhari ni kwamba malori ya rada huenda pale ambako kuna barabara nzuri na upeo wazi, yaani nyanda za katikati ya Marekani. Ndiko pia ambako milango ni michache.

Mchezo hauna shida hizi kwa sababu ya ajabu kidogo: unaujua upepo kwa kuwa umeutengeneza wenyewe. Namba ipo kwenye programu kabla hujawasha gari, na kifaa chako kinaisoma tu. Kwa hiyo mchezaji aliyenasa 490 ana kitu ambacho hakuna mtafiti amewahi kukipata, yaani kilele halisi cha upepo, bila kosa la juu wala la chini.

Nchini Marekani kamati ya wahandisi na wataalamu wa hali ya hewa imekuwa ikiandaa utaratibu mpya wa kukadiria upepo wa tornado, utakaotambua rada na hata jinsi miti ilivyoanguka, pamoja na vifusi. Wakiukamilisha, watakuwa na kazi ya kuulinganisha na orodha rasmi inayoanzia 1950, zaidi ya miaka ishirini kabla ya Fujita kuwa na kipimo. Tornado za miaka hiyo zina madaraja pia, F4 na F5 zikiwemo. Nyingi zilipewa miaka ya 1970, na wanafunzi wa vyuo vikuu walioajiriwa kusoma magazeti ya zamani.