Hewa dhaifu kwenye matundu ya pikapu: sikiliza feni kwanza

Kabla ya kushika bisibisi, washa injini, weka feni kasi ya mwisho, elekeza hewa kwenye matundu ya usoni, kisha sikiliza. Feni ikivuma kwa nguvu na hewa inatoka kidogo, njia imeziba au hewa inapotelea mahali pengine. Ikizunguka kivivu, umeme haufiki sawasawa au mota imechoka. Wengi hukimbilia kujaza gesi ya AC. Gesi hupoza hewa, haiisukumi.

Uvumaji huo una mtego wake. Njia ya hewa ikiziba, mota haielemewi; mzigo wake hupungua, hivyo huzunguka kwa kasi zaidi na sauti hupanda. Kelele kubwa si dalili ya afya.

Kama njia ndiyo inayoshukiwa, anza na filta ya kebini. Kwenye pikapu nyingi iko nyuma ya droo ya dashibodi: toa vitu, bana kuta za droo kwa ndani ili ishuke, fungua kifuniko, vuta filta. Jaribu feni bila filta kwa dakika moja. Hewa ikirudi, umemaliza. Weka mpya, mshale ukifuata mwelekeo wa hewa. Usiendeshe gari bila filta, maana majani na vumbi vitaishia kwenye feni na kwenye evaporeta (kipoza hewa cha AC kilicho ndani ya dashibodi), na huko kusafisha ni kazi nyingine kabisa. Pikapu ambazo hazikuwekewa filta tangu kiwandani ndizo huziba huko ndani.

Hakuna mabadiliko? Bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Hewa ikiongezeka sana, kagua mlango wa kuingizia hewa ya nje, chini ya kioo cha mbele karibu na wipa. Majani hujaa pale.

Baada ya hapo shusha mota ya feni. Mara nyingi hushikiliwa na skrubu tatu. Tazama mabapa ya gurudumu lake. Vumbi likiganda kwenye mikunjo ya mabapa, feni hupiga kelele tu bila kusukuma chochote. Safisha kwa brashi laini, na ukiona kibanio kidogo cha chuma kwenye bapa usikitoe: ndicho kinachosawazisha gurudumu lisitetemeke. Kupitia tundu hilohilo, mulika uso wa evaporeta kwa tochi ikiwa unaonekana. Ukikuta blanketi la vumbi, tumia povu la kusafishia evaporeta, kamwe si maji ya presha. Mapezi yake, yaani vibati vyembamba vya usoni, hulala kirahisi.

Upande wa umeme, kasi za feni zenyewe hutoa jibu. Kwenye mfumo wa rezista, yaani kifaa kinachopunguza umeme ili feni iende polepole, kasi za chini zikifa na ya mwisho ikabaki, rezista imeungua. Kasi zote zikiwa dhaifu, hata ya mwisho, usinunue rezista, kwa sababu kwa kawaida kasi ya mwisho haipiti humo. Rezista hupozwa na hewa ileile ya feni, kwa hiyo filta iliyoziba huichoma. Mota iliyokaza nayo huvuta ampea nyingi na kuyeyusha plagi ya nyaya za rezista. Ukikuta plagi imeyeyuka, badilisha plagi na rezista, na uichunguze mota. Ukibadilisha rezista peke yake, utairudia kazi.

Pima volti kwenye plagi ya mota ikiwa imeunganishwa na feni iko kasi ya mwisho. Injini ikiwaka, betri huonyesha takriban volti 13.5 hadi 14.5, mota isipungukiwe zaidi ya volti moja hivi. Kisha weka mita kati ya waya wa erthi wa mota na hasi ya betri: zaidi ya volti 0.2 ni erthi mbovu. Umeme ukifika kamili na mota bado mvivu, hiyo mota ni ya kutupwa. Na kama udhaifu ulianza baada ya kufungwa mota mpya, hakikisha nyaya hazikugeuzwa. Feni ya aina hii ikizunguka kinyume bado hutoa hewa upande uleule, ila kidogo, ndiyo maana kosa hilo hupita bila kuonekana.

Kuna ile inayoanza vizuri, kisha hewa hupungua taratibu ukiwa safarini. Hiyo ni barafu kwenye evaporeta. Zima AC, acha feni iendelee kwa dakika 10 hadi 15; hewa ikirudi, umeipata. Hapa gesi huhusika, ingawa si moja kwa moja: ikipungua, presha ya evaporeta hushuka, uso wake hupoa chini ya nyuzi 0 na unyevu huganda. Sensa ya joto iliyoharibika hufanya vivyo hivyo, kwa kuiacha kompresa (pampu ya gesi ya AC) ifanye kazi bila kupumzika.

Hewa ikiwa na nguvu kwenye kioo na kukosekana usoni, usiguse feni. Sikiliza mlio wa tak-tak nyuma ya dashibodi: gia ya plastiki ya mota ndogo ya kilango kinachoelekeza hewa imevunjika. Kwenye pikapu za zamani zinazosogeza vilango kwa vakumu (mvuto wa hewa kutoka injini), hozi ikipasuka vilango vingi hurudi upande wa kioo. Kama redio ilifungwa upya karibuni, angalia pia bomba la hewa lililochomoka nyuma yake.