Bila usaili, si bila mchujo

Juzi nilikuwa nakunywa chai kwa jirani. Binti yake, anayetaka kwenda kusomea sanaa za maonyesho Marekani, akaingia na simu mkononi: "Mama, nimepata chuo hakina usaili! Udahili wake bwerere." Mama akashusha pumzi, alhamdulillahi. Hii ni mara ya tatu mwaka huu naisikia kauli hiyo, kila mara kwa mtu mwingine.

Kozi isiyo na usaili ni ile ambayo mwombaji haigizi mbele ya jopo ili apokelewe. Anapeleka matokeo, insha na barua za walimu, sawa na mwenzake anayeomba kusoma historia. Maana yake imeishia hapo.

Kinachonikera ni kwamba usaili na udahili yanafanana masikioni, basi watu wanayakoroga chungu kimoja. Kusaili ni kuuliza; shina lake la Kiarabu ndilo lililotupa swali, maswali na masuala. Udahili nao unatoka kwenye shina la kuingia. Mmoja ni swali mlangoni, mwingine ni mlango wenyewe. Ukiondoa swali moja, mlango haujang'olewa.

Waingereza nao wana yao. Audition imetoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kusikia, audire. (Hata odita wa hesabu jina lake limetoka humo, maana zamani hesabu zilisomwa kwa sauti, yeye akisikiliza.) Kwa hiyo wanaposema hakuna audition, wanasema tu: hatutakusikiliza ukiigiza. Kukuhoji wanaweza bado. Sisi tunatumia usaili kwa kuigiza mbele ya jopo, na hilohilo kwa mahojiano ya kazi, ndiyo maana binti akisoma "hakuna" anadhani hata hayo mahojiano yamefutwa. Vipo vyuo visivyotaka uigize lakini vinavyokuita mzungumze.

Usaili wenyewe hukutana nao hasa kwenye shahada wanayoiita BFA, ambayo karibu theluthi mbili ya masomo yake ni sanaa yenyewe. Vyuo vya Juilliard na Carnegie Mellon havikuchukui kwenye uigizaji bila huo. Kwa kawaida unaandaa vipande viwili vya kuigiza peke yako, kila kimoja dakika moja na ushee, aghalabu kimoja cha kisasa na kingine cha zamani. Vyuo vingi vinataka kwanza uvirekodi vipande hivyo kwa video, wakipenda ndipo wanakuita. Januari na Februari vyuo kadhaa hukusanyika New York, Chicago na Los Angeles, na utaona vijana wamejipanga kwenye korido za hoteli, midomo inacheza bila sauti. Shahada ya BA, yenye masomo mengi ya nje ya jukwaa, mara nyingi haidai hayo. Nasema mara nyingi, kwa sababu zipo BA zinazodai.

Sasa mtazame Northwestern, nje kidogo ya Chicago. Shahada yao ya sanaa za maonyesho haina usaili wa kuingilia, na ni miongoni mwa kozi zinazosifika sana nchini humo. Lakini chuo kizima hupokea chini ya waombaji 10 katika kila 100. Bwerere iko wapi? Badala ya dakika mbili za kuigiza, wanapima miaka minne ya sekondari, na hiyo huwezi kuikariri usiku wa kuamkia siku yenyewe. Ukishaingia, igizo la kwanza likitangazwa, ubao wa matangazo utakuambia tarehe ya usaili wa kupata nafasi ya kuigiza.

Binti alinisikiliza hadi chai ikapoa. Nikamwambia chuo alichokipata ni kizuri, aombe. Aondoe tu neno moja anapomsimulia mama yake, lile la bwerere: aseme hakina usaili, udahili auache mahali pake. Kisha akae aandike ile insha.