Juni 2, siku moja kabla ya Namugongo: maelezo kwa mahujaji wa Mwanza

Kazi yangu ni kuandaa na kuongoza vikundi vya mahujaji Wakatoliki kutoka Mwanza kwenda Namugongo, nchini Uganda, kwa ajili ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani kati ya 1885 na 1887, inayoadhimishwa Juni 3. Swali ninaloulizwa kwanza, iwe na kina mama wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania) au na vijana, ni Misa itaanza saa ngapi. Ni swali la haki, lakini naamini kwa dhati kwamba hija yetu hutengenezwa au kuharibiwa siku iliyotangulia, yaani Juni 2, na ndiyo siku ninayotaka kuieleza hapa.

Hujaji wa Mwanza ana jambo ambalo wengi wa wale atakaokutana nao kule hawana. Basi linapotoka mjini na kupita Usagara kuelekea Daraja la JPM la Kigongo–Busisi, linapita si mbali na Bukumbi, wilayani Misungwi. Mwaka 1879 Padri Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, pamoja na Bruda Amans Delmas, wote wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, walivuka Ziwa Victoria kwa mtumbwi kutoka upande wetu huu wa kusini na kufika Kigungu, karibu na Entebbe, Februari 17. Novemba 1882 hali ya ikulu ya Kabaka (mfalme) Mutesa iliwalazimu mapadre kuondoka Buganda, nao wakarudi kusini na kuanzisha misheni ya Bukumbi mwaka 1883. Hawakurejea Buganda hadi Julai 1885, baada ya Mutesa kufariki na mwanawe Mwanga kushika kiti.

Katika kipindi hicho chote, Wakristo wa Buganda walibaki bila padri hata mmoja. Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba walikuwa wamebatizwa mwaka uleule wa 1882, yaani walikuwa wachanga kabisa katika imani, na bado ndio walioifundisha, wakaulea na kuukuza umati wa wakatekumeni, yaani watu wanaojiandaa kubatizwa, ambao mapadre waliukuta waliporudi. Ninalisisitiza jambo hili kwenye kipaza sauti cha basi kabla hatujafika Sengerema, kwa sababu yeyote anayeongoza jumuiya ndogondogo au kufundisha Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki, anapaswa kwenda Namugongo akijua kwamba wale anaokwenda kuwaheshimu walikuwa walei wenye kazi kama yake. Naongeza pia habari ambayo huwashangaza wengi: Mwanga mwenyewe, alipopinduliwa mwaka 1888, alikimbilia kusini mwa ziwa, na mwishoni mwa mwaka huo mapadre walewale wa Bukumbi ndio waliompa hifadhi.

Kuhusu mpaka wa Mutukula sitasema mengi. Kila mmoja awe na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na kadi hiyo ishughulikiwe mapema, isiachwe hadi siku ya safari.

Asubuhi ya Juni 2 kikundi changu hakiendi Namugongo. Tunaanzia Munyonyo, kando ya ziwa letu hilihili, mahali ambapo Mwanga alikuwa na ikulu yake mwezi Mei 1886. Jioni ya Mei 25 alimkasirikia kijana Dionisi Ssebuggwawo kwa kumfundisha dini mtoto wa Katikkiro (waziri mkuu), akamjeruhi kwa mkuki, kisha kijana akauawa. Usiku huo Karoli Lwanga, aliyekuwa kiongozi wa vijana watumishi wa ikulu, aliwabatiza wanne waliokuwa bado wakatekumeni: Kizito, Mbaga Tuzinde, Mugagga na Gyavira. Lwanga naye alikuwa amebatizwa miezi michache tu nyuma, Novemba 15, 1885, siku ileile Balikuddembe alipouawa kwa kumkemea Kabaka juu ya mauaji ya Askofu Mwanglikana James Hannington na juu ya matendo machafu aliyotaka kuwafanyia vijana wa ikulu. Kulipokucha, Kabaka aliwaamuru wanaosali wajitenge upande mmoja, na Lwanga akatangulia huku amemshika mkono Kizito, mdogo kuliko wote. Andrea Kaggwa, mkuu wa bendi ya Kabaka, aliuawa hapohapo Munyonyo Mei 26.

Pale ndipo ninapowaomba mahujaji wakae kimya kwa muda mrefu. Kisha tunarudia ahadi za ubatizo, na nimeona kwamba watu wazima waliobatizwa wakiwa wachanga huzitamka ahadi zile kwa uzito usio wa kawaida wanapojua kwamba palepale wapo waliobatizwa usiku wakijua asubuhi yake itakuwaje.

Kutoka Munyonyo vijana wale walitembezwa wakiwa wamefungwa, na wengine waliuawa njiani kwa mikuki, akiwamo Gonzaga Gonza pale Lubowa, Mei 27. Foleni za Kampala haziruhusu kusimama kila mahali, kwa hiyo ninachagua. Pale Kampala ya Zamani nasimama bila kukosa, kwa heshima ya Matia Mulumba, ambaye alikatwa viungo na kuachwa peke yake, akafa taratibu kwa siku kadhaa. Nakivubo, alipouawa Balikuddembe, tunapita tukisali Litania ndani ya basi; wafanyabiashara wa mitumba tulionao hulijua eneo hilo kwa soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe. Ununuzi, kwa maoni yangu, usubiri hadi Misa ya kesho iishe, kwa sababu hujaji aliyebeba mafurushi huwa na mawazo kwenye mafurushi.

Tunafika Namugongo alasiri, na hapo ninawaongoza ndani ya Basilika kabla umati haujafunga njia. Jengo hilo lilichorwa na Justus Dahinden, msanifu wa Uswisi, kwa umbo la nyumba ya jadi ya Waganda, nalo liliwekwa wakfu Juni 3, 1975. Wenzetu wenye asili ya Bukoba hulitambua mara moja kuwa ni nyumba ya msonge. Limezungukwa na nguzo 22, idadi ya mashahidi Wakatoliki, na altare iko pale Karoli Lwanga alipochomwa. Yeye alitengwa na wenzake na kuchomwa polepole kuanzia miguuni. Wengine 12 kati ya Wakatoliki waliteketezwa siku hiyohiyo, Alhamisi ya Kupaa Bwana, baada ya wiki nzima ya kufungwa. Mbaga Tuzinde alikuwa mtoto wa kulea wa Mukaajanga, mkuu wa wauaji, na kwa kuwa familia ilishindwa kumshawishi aache dini, alipigwa rungu kwanza ili asiusikie moto.

Usiku tunakesha nje, kwenye mikeka. Wazee nawaweka katikati ya kikundi, kila watu kumi wana mama mmoja wa kuwahesabu, na mahali pa kukutania tunapaonyeshana kungali mchana, maana simu zinaweza zisisaidie lolote katika umati kama ule. Wale wanaotaka kitubio ninawasihi waende jioni hiyo, kwani asubuhi mistari huwa mirefu mno. Misa yenyewe huadhimishwa penye altare iliyo ndani ya ziwa dogo lililochimbwa, na aliyeshinda Munyonyo jana yake huisikiliza bila kuhitaji kuelezwa mengi.

Baada ya Misa natenga muda wa kwenda upande wa Waanglikana, umbali mfupi kutoka Basilika. Baadhi ya mahujaji huuliza kwa nini. Jibu langu ni kwamba waliouawa kati ya 1885 na 1887 ni pamoja na Waanglikana 23, na Waanglikana na Wakatoliki walichomwa pamoja siku ileile ya Juni 3. Papa Paulo VI aliwataja Waanglikana hao alipowatangaza wetu 22 kuwa watakatifu Oktoba 18, 1964, na alipokuja Uganda mwaka 1969, Papa wa kwanza aliye madarakani kukanyaga Afrika katika zama zetu, alikwenda kusali kwao pia. Papa Fransisko alifanya vivyo hivyo Novemba 2015.