Mezo si soprano aliyeshindwa kupanda

Aria, yaani nyimbo za mwimbaji mmoja katika opera, za watunzi wa karne ya 18 Gluck na Mozart, zikiimbwa na mezo-soprano (mezo kwa kifupi, sauti ya kike ya katikati) ndizo ninazozisikiliza kuliko muziki mwingine wowote. Kila ninapomwekea mgeni rekodi hizo, maneno ni yaleyale, na mengi yake si kweli.

Lililoota mizizi zaidi ni kwamba mezo ni soprano, yaani mwenye sauti ya kike ya juu kabisa, asiyefika juu. Neno lenyewe kwa Kiitaliano lina maana ya nusu, basi watu hudhani naye ni mwimbaji nusu. Mezo wengi hupanda hadi noti ambazo soprano naye huzitolea jasho. Kinachowatofautisha ni rangi ya sauti na mahali inapotulia: ya soprano hung'aa juu, ya mezo imeshiba katikati. Tena enzi za Mozart mipaka hii haikuwa imekazwa. Cherubino wa opera ya Mozart Le nozze di Figaro, kijana ambaye leo kwa kawaida hupewa mezo, mwaka 1786 kule Vienna aliimbwa na soprano, Dorotea Bussani. Cecilia Bartoli, mezo mzaliwa wa Roma, amemwimba Cherubino, na katika opera hiyohiyo amemwimba pia Susanna, ambaye ni sehemu ya soprano.

Dhana ya pili: mwanamke kuimba sehemu ya mhusika mwanamume ni kichekesho. Orfeo, shujaa wa opera ya Gluck Orfeo ed Euridice ya mwaka 1762, aliandikiwa Gaetano Guadagni, mwanamume towashi, aliyehasiwa utotoni ili sauti isivunjike, mwenye sauti ya alto, iliyo chini ya mezo. Masikio ya wakati ule yalimsikia shujaa katika sauti ya juu bila kushangaa. Waimbaji matowashi walipotoweka jukwaani, mezo wakarithi sehemu zao nyingi. Mwaka 1859 mtunzi Mfaransa Berlioz aliitengeneza upya opera hiyo mahususi kwa mezo Pauline Viardot. Mezo Janet Baker wa Uingereza alipoamua kuaga jukwaa la opera mwaka 1982, sehemu aliyoichagua kule Glyndebourne, jumba la opera la Uingereza, ilikuwa hiyo ya Orfeo. Hakuna anayeaga kwa kichekesho.

Kutoka opera hiyo hutoka aria "Che farò senza Euridice" (Nitafanya nini bila Euridice), na hapa ndipo wengi hukwama. Orfeo amempoteza mkewe Euridice kwa kifo mara ya pili, anauliza atafanya nini, aende wapi, na muziki uko kwenye C meja, ngazi ya sauti ambayo wengi huihusisha na furaha! Wapo waliosema tangu zamani kwamba muziki huo ungeweza kubeba hata maneno ya furaha. Wanaodai hivyo wamesoma noti, hawajamsikiliza mwimbaji. Gluck mwenyewe alilijua hilo. Mwaka 1770, katika utangulizi wa opera yake Paride ed Elena, alionya kwamba ukigeuza kidogo tu namna ya kuutamka, wimbo huu utakuwa ngoma ya vikaragosi. Kiitikio kinarudi mara tatu, na katikati Orfeo anamwita Euridice, anangoja, hajibiwi. Sikiliza mezo anavyokianza upya baada ya kimya hicho. Noti ni zilezile, lakini mtu anayeziimba si yule wa mara ya kwanza. Mezo mzuri hahitaji kulia ili uyasikie hayo. Pumzi tu inatosha.

Wengine husema yale mafuriko ya noti za haraka ni maringo ya koo. Yapo ya namna hiyo, sikatai. Lakini weka aria "Parto, parto" (Naondoka, naondoka) ya opera ya Mozart La clemenza di Tito, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Prague mwaka 1791. Sesto, kwa kumpenda Vitellia, anakubali kwenda kumuua mfalme ambaye ni rafiki yake. Anaanza taratibu, akimwomba Vitellia wapatane, kisha anamwomba amtazame tu. Klarineti, ambayo Mozart alimwandikia mpigaji wake Anton Stadler, inamjibu kila kauli kana kwamba ndiyo Vitellia asiyefungua mdomo. Mwendo unaongezeka, na mwisho sauti inatimua mbio huku Sesto akistaajabia nguvu ambayo miungu imeupa urembo. Mbio hizo ni za mtu aliyekwisha kuamua jambo baya na hawezi tena kusimama. Ukiziondoa, unabaki na kijana mtiifu tu.

Kuhusu lugha: si lazima ujue Kiitaliano. Maneno ya aria ni machache na hurudiwarudiwa. Soma tafsiri mara moja, dakika mbili hazipotei.

La mwisho ni kudhani kwamba ukisikiliza kwa spika ya simu umeshasikia. Kispika kile kinakata chini, na chini ndiko Stadler alikosifika: klarineti yake ilishuka kuliko ya kawaida, na Mozart aliitumia hiyo nafasi. Vaa hedifoni, anza "Parto" tangu mwanzo, na safari hii mwache Sesto kwanza. Ifuate klarineti inaposhuka hadi chini kabisa, halafu usikie sauti ya mezo inavyokutana nayo katikati.