Voie verte si kila njia ya baiskeli

Juzi tena. Kwenye kundi letu la WhatsApp la Waswahili wapanda baiskeli wa huku Ulaya, ndugu yetu mmoja kaweka picha ya ngome ya Sully-sur-Loire, baiskeli imeegeshwa ukingoni, mikoba imening'inia nyuma, na chini kaandika: "Nimemaliza voie verte ya Loire, kilomita 900." Pongezi zikamiminika. Nami nikatoa zangu kwa moyo mweupe, maana kilomita 900 kwa kukanyaga pedali si mchezo. Ila hakuna voie verte, yaani "njia ya kijani", ya kilomita 900 pale kwenye mto Loire, Ufaransa. Mwezi uliopita dada mmoja aliuliza kama anaweza kumleta mwanawe wa miaka sita kwenye "voie verte" hiyohiyo, mtoto aendeshe baiskeli yake mwenyewe. Watu watatu wakamjibu aje tu, hakuna magari. Magari yapo.

Maana yenyewe haichukui muda. Voie verte, kwa sheria ya barabara ya Ufaransa, ni njia iliyotengwa kwa ajili ya vyombo visivyo na injini, waenda kwa miguu na wapanda farasi. Ufafanuzi huo uliingizwa kwenye sheria kwa amri ya Septemba 2004. Njia kama hiyo huanza kwa kibao cha mraba cha bluu na kuishia kwa kibao kilekile kilichokatwa kwa mstari mwekundu. Baiskeli ya umeme inayokusaidia mpaka kilomita 25 kwa saa huhesabiwa baiskeli, basi inaruhusiwa. Ile ya kilomita 45 kwa saa ni pikipiki ndogo mbele ya sheria, haina nafasi humo.

Sasa tuje kwenye kinachoniudhi.

Alichokipita ndugu yetu kinaitwa véloroute, ruti ya baiskeli. Hiyo aliyoipita yeye, La Loire à Vélo, huanzia Cuffy, karibu na Nevers, na kuteremka na mto mpaka Saint-Brevin-les-Pins, bahari ya Atlantiki. Véloroute ni ruti, kwa maana ileile anayoijua konda wa daladala: Mbagala–Kariakoo. Konda akikutajia ruti anakuambia unatoka wapi unafika wapi. Hajasema lolote kuhusu lami, mashimo au nani mwingine yuko barabarani. Ruti moja inaweza kupita barabara kuu, ikakata mtaani, ikatokea sokoni. Ndivyo ilivyo Loire. Utapita kipande cha voie verte chini ya miti, kisha unapanda juu ya tuta la kuzuia mafuriko ambako wakulima na wanakijiji wanapita na magari yao, kisha kijibarabara cha shambani, kisha daraja lenye malori. Magari si mengi, na madereva wa vijijini kwa kawaida ni wastaarabu, lakini mtoto wa miaka sita anayeyumba kushoto na kulia hahitaji magari mengi. Linatosha moja.

Kwa hiyo voie verte ni aina ya njia: inakueleza nani anaruhusiwa kupita hapo ulipo. Véloroute ni safari. Safari inaweza kumeza vipande vingi vya voie verte, na voie verte moja inaweza kuwa haimo katika safari yoyote ndefu. Wafaransa wenyewe wameyaweka maneno haya bega kwa bega miaka mingi bila kuyachanganya. Mpango wa taifa wa 1998 uliitwa wa véloroutes na voies vertes, na chama cha wapenzi wa njia hizi, AF3V, kimebeba yote mawili katika jina lake: zile V tatu ni za véloroutes na voies vertes. Lingekuwa jambo moja wangetaja mara moja.

Utata nadhani unaanzia kwenye neno route, na hapa naomba subira kidogo maana ndipo penye utamu. Voie ni Kilatini via, yaani njia. Route nalo ni mtoto wa via rupta, njia iliyovunjwa: msitu umekatwa, mwamba umebomolewa, watu wapite. Kiswahili kinalijua wazo hilo vizuri sana, kwa sababu nasi husema serikali imepasua barabara. Baadaye Wafaransa wakaiacha via njiani, wakabaki na rupta peke yake, ikawa route, barabara. Waingereza wakalichukua neno wakalipa maana ya mwelekeo wa safari, na sisi tukalipokea kwao likiwa ruti. Ndiyo maana Mswahili wa Dar akisikia véloroute anaelewa haraka kuliko yule wa Bujumbura au Bukavu aliyesoma kwa Kifaransa, ambaye kwake route ni barabara tu, ya kupitisha kinga (baiskeli) na gari na mbuzi. Cha kuchekesha, ufafanuzi wa sheria wa voie verte umeanza na neno hilohilo: voie verte ni route. Kisheria ni barabara kamili, imefungiwa tu baadhi ya watu. Si ujia, wala si kichochoro cha hisani.

Na kuna piste cyclable, ambayo watu wa Kongo na Burundi wana haki ya kuicheka, kwa kuwa kwao piste ni barabara ya vumbi isiyo na lami. Ufaransa, piste cyclable ni njia iliyotengwa kwa baiskeli, na mwenye miguu hana biashara humo. Hapa wengi huteleza upande wa pili. Wanafika kwenye voie verte wakidhani ni piste, wanapiga kengele kana kwamba wanafukuza kuku, wanamkaripia bibi mwenye mbwa. Bibi yuko nyumbani kwake. Voie verte ni yake, ni ya mama anayesukuma kigari cha mtoto, ni ya farasi, na wewe mwenye baiskeli umo kama mmoja wao. Isiyo na magari haina maana ya isiyo na watu. Majina ya mazoea nayo hayasaidii: njia nzuri inayotoka Latresne, nje kidogo ya Bordeaux, mpaka Sauveterre-de-Guyenne huitwa piste Roger Lapébie, kwa heshima ya mshindi wa Tour de France ya 1937, ingawa imelala juu ya reli ya zamani kama voie verte nyingine nyingi.

Reli, naam. Ukitaka kuielewa voie verte bila kamusi, nenda Bourgogne kusini ukapande ile ya kutoka Givry mpaka Cluny, kilomita 44, iliyofunguliwa mwaka 1997. Ndiyo inayohesabiwa ya kwanza Ufaransa, miaka saba kabla sheria haijaipa jina. Treni zilikuwa zimekwisha kuondoka, mataruma na vyuma vikang'olewa, ikabaki njia nyembamba iliyonyooka katikati ya mizabibu na ng'ombe weupe wa Charolais. Magoti yako yatakushukuru, maana treni ya mvuke haikupenda mlima, na aliyeijenga reli alihakikisha hakuna mwinuko mkali. Utapita stesheni zisizo na abiria, Buxy, Cormatin, na vijumba vya walinzi wa vivuko ambavyo sasa vina maua madirishani. Ukiendelea kusini kuelekea Mâcon kuna handaki la Bois Clair, mita 1,600 na kitu, baridi hata Agosti. Majira ya baridi hufungwa ili popo walale. Hapo reli kwa Kifaransa ni voie ferrée, njia ya chuma. Chuma kikaondoka, njia ikabaki, ikaitwa ya kijani. Wahispania walikuwa wameanza kabla, 1993, na Vías Verdes zao juu ya reli zilizokufa.

Kwa hiyo "kijani" hapo si rangi ya lami, wala si nyasi. Nimewahi kumsikia mtu akilalamika kwamba amefika kakuta changarawe ya kijivu. Kijani chetu kimetoka kwenye jani, na hicho ndicho kinachotakiwa: unapita penye majani.

Tahadhari nyingine kwa wapenda mifereji. Njia ya kando ya mfereji, waliyopita farasi na watu wakivuta mashua, haigeuki voie verte kwa kuwa tu ni nzuri na haina gari. Mpaka wenye mfereji na serikali ya eneo wakubaliane, itengenezwe, iwekwe kibao. Canal du Midi itakufundisha. Ukitoka Toulouse unateleza kwenye lami kilomita 50 hivi, kisha ukishavuka mpaka wa wilaya ile, kwa miaka mingi ulikuwa unakutana na udongo na mizizi ya mikuyu ya kizungu, na tairi nyembamba zikaanza kujuta.

Basi, kaka wa Sully, safari yako hatukupunguzii hata mita. Badilisha neno moja tu chini ya ile picha, andika véloroute. Na yule dada wa mtoto wa miaka sita nimeshamwandikia pembeni: apande treni mpaka Mâcon au Chalon, atafute basi la Cluny, na asisahau sweta la handakini.